Kipande cha Shaba

Neno "kwama" tunalitwisha mzigo mzito. Gari hukwama kwenye tope, faili hukwama ofisini, tonge hukwama kooni. Na kwenye hadithi za kauboi, pamoja na zile senema tulizotafsiriwa kwenye vibanda vya video, bastola nayo "ikakwama", basi, mtu akafa na hadithi ikaendelea. Miezi mitatu sasa napambana na neno hilo. Natafsiri kurasa kumi na mbili alizoandika baba mkwe wangu kuhusu ukoo wake, na ukurasa wa saba bastola inakwama. Siwezi kupapita hapo juu juu, maana watoto wangu wametokea hapo.

Tunaishi Missouri. Wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, watu wa jimbo hili walipigana jirani kwa jirani. Wapiganaji wa msituni walibeba bastola mbili, tatu, hata nne mtu mmoja, kwa sababu kujaza upya bastola ya zama zile ilikuwa shughuli ndefu. Kwa simulizi ya familia, mwaka 1864 babu wa babu yake mkwe alimkuta jirani yake uani usiku. Akafyatua, akakosa. Akataka kukoki tena, nyundo ikagoma. Jirani akaruka ua, akapotea gizani. Miaka ishirini baadaye mtoto wa kiume wa mmoja alimuoa binti wa mwenzake. Mke wangu ni wa uzao huo.

Sasa, kilichogoma ni nini hasa? Hapa Kiswahili kina neno, tena zuri: fataki. Vijana wa Bongo wakilisikia wanawaza milipuko ya mwaka mpya, au yule mtu mzima anayewarubuni wanafunzi, kama tulivyofundishwa na matangazo ya redio. Lakini wenye magobori wanaijua fataki ya asili: kikombe kidogo cha shaba, hakifikii ukucha wa kidole kidogo, ndani kina chembe ya dawa inayolipuka ikigongwa. Kwenye bastola kama Colt ya 1860, kila tundu la silinda lina chuchu yake kwa nyuma, na kila chuchu huvishwa fataki. Nyundo ikigonga, moto hupenya tundu la chuchu hadi kwenye baruti.

Tatizo ni kwamba moto hauendi mbele tu. Mwingine hurudi nyuma, unaipasua fataki na kuisukuma nyundo. Ukikoki tena, kile kipande kilichopasuka hung'ang'ania uso wa nyundo, kisha kinadondoka kwenye mfereji wake, tumboni mwa bastola. Hapo ama nyundo hairudi, ama inarudi lakini haifiki kwenye chuchu, ama silinda yenyewe haizunguki.

Haya nimeyajua kwa mkwe. Ana Colt ya kuigiza, imetengenezwa Gardone Val Trompia, bonde la mafundi wa silaha kaskazini mwa Italia, ambako Aldo Uberti alianzisha karakana yake mwaka 1959. Jumamosi huenda nayo uwanja wa shabaha, na jioni ananionyesha mezani namna ya kuizuia isikwame. Kwanza, fataki ivae chuchu sawasawa: ikilegea inachomoka, ikibana mno pigo la kwanza linaishia kuisukuma tu. Pili, tundu la chuchu liwe dogo, moto usirudi kwa nguvu. Chuchu ikichakaa na tundu likapanuka, ibadilishwe. Tatu, uso wa nyundo usuguliwe ulainike, maana ile pengo ya usalama katikati yake ina kingo zinazodaka shaba. Nne, springi isilegezwe ovyo. Wengine hupachika kijiti cha chuma ndani ya mfereji, kiipangue fataki isishuke na nyundo. Na la mwisho halina gharama: unapokoki, inua mdomo wa bastola juu, mabaki yadondokee nje.

Nilimpigia mjomba wangu Sikonge, mkoani Tabora, ambaye ujana wake wote aliwinda kwa gobori.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Huko kwenu saa hizi usiku au mchana?"

Nikamuuliza, kwenye gobori fataki ikipasuka inakuwaje?

"Inakuwaje nini? Unaitoa kwa kucha, unavisha nyingine. Kwani una haraka ya kwenda wapi?"

Swali hilo limenisaidia kuliko kamusi. Gobori ni risasi moja. Kila baada ya mlio mkono unarudi pale pale, unasafisha, unajaza, na kichwa nacho kinapata nafasi ya kufikiri. Samuel Colt, kwa hataza yake ya 1836, aliuondoa mkono huo. Kadhaa mfululizo, bila kugusa. Lakini takataka za ile ya kwanza zinabaki zinaisubiri ya pili. Senema hazina habari hiyo. Hata pambano maarufu la Springfield, hapa hapa Missouri, Julai 1865, Wild Bill Hickok na Davis Tutt walifyatua risasi moja moja tu. Fataki haikupata nafasi ya kusema lolote.

Siku moja nilimuuliza mkwe: anahangaika hivi kuzuia kitu kile kile kilichomleta duniani? Alikuwa anaifuta silinda. "Mimi nalenga karatasi," akajibu, akaendelea kufuta.

Ukurasa wa saba sasa unasomeka hivi: "Alipokosa, akataka kukoki. Lakini ile fataki ya kwanza ilikuwa imepasuka na kudondoka tumboni mwa bastola, na nyundo haikurudi." Neno "kwama" nimelitoa. Nilitaka msomaji akione kile kipande.

Binti yangu wa miaka tisa aliisoma kwa sauti, pole pole, akifuata mistari kwa kidole. Akanitazama.

"Kwa hiyo angekuwa na fataki nzuri, sisi tusingekuwepo?"

Nikamwambia ndiyo. Akafikiri kidogo, akauliza na yule jirani alikuwa anaitwa nani.