Shule Iliyokuwa Yetu



Wapendwa wanaparokia, Jumamosi iliyopita tulikwenda hija Pugu. Wakati wa kurudi, tulipopita karibu na Shule ya Sekondari Pugu, kijana mmoja wa kipaimara aliniuliza: "Padre, kwani hii si ilikuwa yetu?" Nilimjibu upesi kwamba ndiyo, ilikuwa yetu, na serikali ikaichukua. Tangu hapo jibu hilo limeninyima raha, kwa sababu ni kweli, lakini ni nusu ya kweli.

Pugu ni mahali petu pa machozi. Wamisionari Wabenediktini walifika huko mwaka 1888, wakawalea watumwa waliokombolewa. Januari 1889, katika vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, misheni ilishambuliwa na kuharibiwa. Mabradha wawili na sista mmoja wakauawa. Kanisa lilirudi, na miaka mingi baadaye Pugu ikawa na shule ya Mtakatifu Fransisko, iliyosomesha vijana wa Kiafrika wakati shule za sekondari zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Ni haki kujivunia hayo.

Katika shule hiyo alifundisha Julius Nyerere baada ya kurudi kutoka masomoni Edinburgh mwaka 1952. Akiwa mwalimu wa Pugu alichaguliwa rais wa TAA mwaka 1953, na Julai 1954 TANU ikazaliwa. Mwaka 1955 ilimbidi achague kati ya ubao na siasa, akaacha kazi. Jina la Mwalimu alibaki nalo. Na ni serikali yake, yeye Mkatoliki wa misa ya kila siku, iliyotunga Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, ambayo kwayo shule za madhehebu, Pugu ikiwemo, zilitaifishwa kuanzia mwaka 1970. Leo tunasali ili mtu huyo huyo atangazwe mwenyeheri. Mchakato wake ulifunguliwa mwaka 2005, naye anaitwa Mtumishi wa Mungu. Nimewasikia wazee wetu wakimwombea kwa moyo wote, na baada ya misa, chini ya mwembe, wakimlaumu kwa sababu ya shule. Sidhani kama wanaona mgongano wowote.

Shule ya msingi iliyo nyuma ya kanisa letu ilianza vilevile kama shule ya misheni. Jirani yetu mmoja, Mzaramo na Mwislamu aliyekwisha kupita miaka 80, aliwahi kunieleza kwa nini hakusoma hapo, ingawa kutoka kwao hadi darasani hapakuwa na mwendo wa kuchosha. "Padre, mwanangu," aliniambia, "baba alisema mtoto akiingia pale atatoka na jina jingine." Basi akaishia chuo cha Kurani, na kusoma gazeti akajifunza ukubwani. Watoto wake walianza shule katika miaka ya 1970, wote hapo hapo nyuma ya kanisa. Aliwataja mmoja mmoja: wote wametoka na majina yao.

Nimeishi na mzee yule kwa ujirani mwema, lakini sikuwa nimewaza kwamba mlango uliofunguliwa kwa ajili yangu ulionekana kwake kama umefungwa. Sheria iliyoanza kutumika mwaka 1962 ilikuwa imekwisha kuziunganisha shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika kuwa mfumo mmoja. Mpaka wa dini ulibaki, na katika Uzaramo hii, ambako wenyeji wengi ni Waislamu, mpaka huo ulikuwa ukuta.

Sisemi kwamba mambo yalikwenda vizuri. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973, Azimio la Musoma la Novemba 1974 likataka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, na watoto wakaja wengi kuliko madawati, mbele ya walimu walioandaliwa kwa haraka. Mpaka leo madarasa yamejaa. Lakini kipindi cha dini hakikufutwa. Siku ninapokwenda kufundisha, watoto hugawanyika: wetu hubaki darasani, wa ustadhi huenda darasa la pili, Walutheri hukaa kivulini na mwinjilisti wao. Kengele ikilia, wote hurudi kwenye hesabu moja.

Halmashauri Walei itakutana Jumapili baada ya misa ya pili. Mezani ipo ramani ya shule yetu wenyewe, ya kulipia, nami nilikuwa wa kwanza kuiunga mkono. Ada iliyopendekezwa sitaitaja hapa. Inatosha kusema kwamba wajukuu wa jirani yangu hawataimudu, wala wengi wa watoto wetu wa komunyo ya kwanza. Mama mmoja wa WAWATA aliandika kuomba fedha tulizokusanya zianzie kwenye vyoo vya shule ya nyuma ya kanisa, maana huko ndiko watoto wetu wanakosoma. Mwezi uliopita niliiweka barua yake pembeni, nikisema vyoo vya serikali ni kazi ya serikali. Jumapili nitaomba isomwe kabla ya ramani kufunguliwa. Mhazini amekwisha kunieleza kwamba hakubaliani nami, na ana hoja nzito. Mjumbe asikose, na asiye mjumbe anaruhusiwa kuja kusikiliza.