Akiba ya Msandarusi

Katika miti ya pwani, msandarusi una jambo lake la peke yake: waliotajirika kwao zaidi hawakuwa na haja ya kuuona. Ni mti wa jamii ya kunde, nduguye mkwaju, uotao katika misitu ya pwani ya Afrika Mashariki na Madagaska. Gome lake likijeruhiwa hutoa utomvu unaonata, ukaziba kidonda na kumnasa mdudu aliyekuja kutoboa. Utomvu huo ukiganda ndio sandarusi.

Watu wa Mrima waliipambanua kwa daraja. Iliyotoka mtini moja kwa moja waliiita chakazi. Laini, ya bei ndogo, ikipelekwa zaidi Bombay na China. Sandarusi hasa ilichimbwa ardhini, mahali ambapo miti ilikwisha kufa zamani na magogo yake kuoza, utomvu ukabaki. Kufukiwa miaka na miaka kuliifanya ngumu, ikatoka na vipele kama ngozi ya ndege aliyenyonyolewa. Mchimbaji aliifukua kwa jembe, majahazi yakaivusha hadi Unguja, na merikebu zikaichukua hadi Salem, Massachusetts, maana Wamarekani walikuwa na mkataba wa biashara na Seyyid Said tangu 1833. Huko ng'ambo iliyeyushwa ikawa vanishi ya kung'arisha samani na magari ya farasi.

Hapo ndipo penye fumbo. Bei kubwa ilikuwa ya mti uliokufa. Ulio hai ulitoa chakazi tu. Basi nani angeulinda msitu, ilhali mali ilikuwa chini ya mchanga? Wahenga wamesema akiba haiozi. Kweli haikuoza, lakini akiba ichotwayo bila kuongezwa ina mwisho wake. Kila kipande kilichopakiwa melini kilikuwa amana ya msitu ambao hakuna mchimbaji aliyepata kukaa kivulini mwake. Karne ya 20 ikaja na vanishi za kemikali, soko likafifia, na jina la sandarusi likabaki vinywani mwa wazee.

Mti wenyewe haujatoweka. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu na Malindi, msandarusi husimama pamoja na mbambakofi, na chini yao sange mwenye kiuno cha dhahabu huchakura wadudu katika majani yaliyoanguka. Thamani hiyo haipimwi kwa frasila, wala haipakiwi. Lakini shoka la mchoma mkaa halibagui: gunia la mkaa huliwa kwa siku chache, na mti wa kulijaza hungoja umri wa mtu.

Waliochimba walirithi kwa misitu wasiyoipanda. Anayeukata msandarusi leo hapotezi kivuli tu. Anafunga hazina ambayo mwenyewe wa kuichimba hajazaliwa.