Ukuta wa saloni katika Panda

Ukitoka Lubumbashi kwenda Likasi mwezi wa sita, kilomita karibu 120, unafika na mavumbi mekundu hata ndani ya masikio. Mimi nilishukia Panda, kwa yaya wangu. Bwana wake alifariki mwaka uliotangulia. Kilio kimekwisha, sasa yaya alitaka kupaka saloni: nyumba ya kambi, kuta nene za matofali, dirisha moja tu, la kusini. Humo ndimo kijana wake anasomea. Umeme ukikatika, anasogeza kiti karibu na dirisha. Feza ilikuwa ya ndoo moja tu.

Kijana alitaka beji, rangi ya mchanga mkavu. «Mama, beji haionyeshe bucafu mbio!» Yaya alitaka krimu, rangi ya maziwa yenye mafuta juu. Jirani mmoja, fundi wa rangi, alitupatia kidogo ya kila moja katika kopo. Tukapaka vipande viwili ukutani, tukangoja vikauke, maana rangi ya maji ikiwa mbichi inadanganya.

Kesho yake, saa tisa ya mchana, beji ilikuwa kama majivu. Sababu? Kwetu mwezi wa sita jua linapita upande wa kaskazini. Dirisha la kusini linapata mwanga wa mbingu tu, na mwanga ule una ubuluu kidogo. Beji ile ikazimika. Krimu, kwa sababu ya manjano iliyo ndani yake, ikashika joto lake. Tukajaribu pia katika chumba cha kulala, chenye dirisha la kaskazini. Loo, kinyume kabisa! Krimu iling'aa mpaka macho kuuma. Beji ikatulia vizuri. Usiku, chini ya ampuli ya manjano, zote mbili zilikaribia kufanana. Kwa hiyo, wewe unayetaka kupaka, usichague usiku, wala dukani.

Kijana akauliza: «Na mavumbi je?» Swali la haki. Hapo yaya njo alipata akili: krimu juu, na chini, urefu wa mita moja, rangi ya mafuta ya kahawia, ambayo inapanguswa kwa kitambaa chenye maji. Jirani alikuwa na kopo lililobaki.

Nilipoondoka, picha ya baba yao ilikuwa bado mezani. Yaya alisema ukuta ukauke kwanza.