Nimpeleke Mwanangu Kilima Gani?

Akina mama wenzangu tunaoishi huku Minnesota, Marekani, kila ifikapo Desemba huniuliza swali ambalo mama zetu hawakupata kuulizwa: "Dada, mtoto anataka kuteleza kwenye theluji kwa ubao. Nimpeleke kilima gani?" Huniuliza baada ya ibada, tunapoosha vikombe vya chai, kwa kuwa nawalea vijana wa usharika, na kwa kuwa kazi yangu ni uuguzi. Nawe msomaji uliye nyumbani, huenda una mdogo wako au binti yako huku anayesumbuliwa na swali hilohilo. Ndiyo maana nimeona niandike.

Mimi nilikulia Moshi. Theluji niliijua kwa kuitazama kutoka mbali, kileleni mwa Kilimanjaro. Kwa hiyo mwanangu wa kwanza alipofika miaka kumi na mitatu na kusema anataka kushuka mlima akiwa amefungwa miguu yote miwili kwenye ubao mmoja, nilishtuka. Baba yake alisema huo ni mchezo wa wahuni.

Nikatafuta kujua asili yake. Siku ya Krismasi mwaka 1965, katika mji wa Muskegon, jimbo la Michigan, baba mmoja aitwaye Sherman Poppen aliunganisha mbao mbili za kutelezea ili binti zake wapate kitu cha kuchezea nje. Mke wake, Nancy, ndiye aliyekipa jina. Kutokana na chombo hicho na vingine vilivyofuata, mchezo ulikua hata ukaingizwa katika Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998. Nilipomsimulia baba watoto alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe ulianza na baba na watoto wake." Hapo mlango ukafunguka.

Lakini mwanangu hakutaka kilima chochote tu. Alitaka kwenda Vail, katika milima ya Colorado, pamoja na familia za wenzake wa shule. Tulipiga hesabu ya ndege, nyumba ya kulala, tiketi za mlimani na mavazi. Jumla ilipita ada ya mwaka mzima tunayomlipia mpwa wangu huko nyumbani. Tena nilifikiri kama muuguzi. Mji wa Vail uko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na vilele vyake vinazidi mita 3,500. Waliopanda Kilimanjaro wataelewa: unalala chini kidogo ya kibanda cha Mandara, na mchana unacheza karibu na usawa wa Horombo. Mtoto anayetoka kwenye tambarare zetu anaweza kuumwa kichwa, kutapika na kukosa usingizi, halafu siku zake tatu za likizo zimekwisha.

Kulikuwa na jambo zito zaidi. Mimi nilikuwa zamu ya usiku, baba yake zamu ya mchana. Kijana alikuwa akirudi shule, anaingia chumbani, anafunga mlango. Tukiuliza habari, jibu lilikuwa neno moja. Niliona kwamba kumpeleka mbali mara moja kwa mwaka, tena na familia nyingine, kungemfurahisha, lakini kusingemrudisha kwetu.

Basi tukatazama vilima vya karibu. Kuna Buck Hill, katika mji wa Burnsville, kando ya barabara kuu iendayo kusini. Kilifunguliwa mwaka 1954, na kutoka juu hadi chini ni kama futi 300 tu. Watu hukicheka kwa udogo wake. Lakini ndicho alichojifunzia Lindsey Vonn alipokuwa mtoto, yule aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki mwaka 2010 kwa mbao mbili. Nilimwambia mwanangu kwamba udogo wa kilima haukumzuia yule binti. Kilima kifupi kina faida yake: unashuka, unapanda tena, unashuka, na jioni moja unarudia mara nyingi kuliko kwenye mlima mrefu wenye foleni. Hyland Hills, kule Bloomington, ni kifupi zaidi, kinafaa wanaoanza. Mtoto akishakomaa, kuna Spirit Mountain ya mji wa Duluth, na mbali zaidi Lutsen, kando ya Ziwa Superior, safari ya kama saa nne kwa gari.

Sasa nawapa yale ninayowaambia akina mama wa usharika.

Kwanza, chagueni kilima mnachoweza kwenda na kurudi jioni moja. Vilima vingi vya mjini vina taa za usiku, kwa hiyo mtoto hucheza siku ya kazi, na Jumapili yenu inabaki salama.

Pili, ulizeni kama wanaoanza wana sehemu yao, yenye mkanda unaokwenda wenyewe kuwapandisha. Wa ubao hana fimbo za kujisukumia. Kamba na lifti ya viti humwangusha kabla hajajifunza lolote. Vilevile pakiwa na tambarare ndefu chini, hukwama.

Tatu, msidanganywe na alama. Duara la kijani ni rahisi, mraba wa bluu ni wastani, almasi nyeusi ni ngumu. Lakini kila kilima hujipimia chenyewe. Bluu ya Buck Hill si bluu ya Colorado.

Nne, msimwachie mwenzake amfundishe. Mlipieni mwalimu siku ya kwanza, na mkodishe ubao kabla ya kununua.

Tano, lindeni mikono na kichwa. Anayejifunza ubao huanguka akinyoosha viganja, na kifundo cha mkono ndicho kinachovunjika mara nyingi. Vikinga vya kifundo hupunguza hatari hiyo, na helmeti ni ya lazima. Mfundisheni kukunja ngumi anapoanguka. Soksi za pamba zikilowa huganda, mvalisheni sufu. Ngozi ya pua au masikio ikipauka na kufa ganzi, aingie ndani mara moja, wala msimsugue.

Mwanangu alianguka jioni yake ya kwanza hata nikaacha kuhesabu. Mimi nilikaa ndani, kwenye dirisha linalotazama kilima, na chupa yangu ya chai. Alikuwa Mwafrika peke yake kwenye foleni ya mkanda, nami niliona anavyogeuka kutazama kama bado nipo. Wiki ya tatu alishuka bila kuanguka. Njiani kurudi, ndani ya gari lenye joto, alianza kusema: kwanza habari za ubao, baadaye habari za mwalimu anayemdharau, na za jina baya aliloitwa na mwenzake darasani. Mambo hayo alikuwa ameyabeba miezi mingi. Baba yake alipoyasikia aliomba kubadilishiwa zamu ya Alhamisi, na siku hizi ndiye anayempeleka.

Sisemi kilima kimetengeneza kila kitu. Kuna jioni anarudi kimya, na Colorado bado anaitaja. Tumemwambia atakwenda akishafanya kazi na kuweka akiba. Lakini mama mwenzangu, ukiulizwa kilima gani, usianze na urefu wake wala sifa zake. Anza na umbali wake kutoka mlangoni kwako, na kama kuna dirisha ambapo wewe au baba yake mtakaa mkamwona mtoto akianguka na kuinuka.