Mirija ya Moshi

Kwa mafundi wa Kisangani neno kolekta halina shida yo yote. Ni kile chuma kilichofungwa ubavuni mwa injini, kinachopokea moshi wa kila silinda na kuupeleka katika bomba moja liendalo nyuma ya motokaa. Siku hizi vijana wenye motokaa za mbio hukitoa kile kilichotoka kiwandani, na mahali pake hufunga kingine cha mirija mirefu iliyopindwa vizuri. Hawaendi kwa fundi. Kazi huifanya uani kwao, chini ya mwembe, na jirani husimama kutazama. Sisi nasi tumeifanya, pamoja na mpwa wetu, huko Mangobo. Twapenda kuieleza, maana wengi huifanya kwa kutafuta kelele, na kelele siyo faida yake.

Injini yenye silinda nne, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda yake hutoa moshi mara 50 kwa sekunde moja. Chuma cha kiwandani mara nyingi kina njia fupi, tena zinakutana upesi. Moshi wa silinda moja unagongana na moshi wa mwenzake, mfano wa watu wanaotoka kanisani wote pamoja kwa mlango mmoja mwembamba. Mirija mirefu huupa kila moshi njia yake. Moshi ukipita kwa nguvu huacha nyuma yake upungufu wa hewa, na upungufu huo huyavuta mabaki yaliyosalia katika silinda, hata hewa safi ipate nafasi ya kuingia. Kwa hiyo watengenezaji wengi huunganisha kwanza mrija wa silinda ya 1 na wa ya 4, wa ya 2 na wa ya 3, kwa kuwa hao wawili wawili hupumua kwa zamu zilizo mbali. Kisha mirija miwili hukutana kuwa mmoja.

Je, faida yake ni kiasi gani? Kwa injini ndogo isiyo na turbo ni nguvu za farasi chache tu, tena hapo inapokwenda mbio sana. Katika mashimo na matope ya mitaa yetu huwezi kuiona. Na kwa habari ya sauti, watu wa Nairobi na Kampala wapendao Subaru wanaujua ule mngurumo wake. Mngurumo ule hutoka katika mirija isiyolingana kwa urefu. Mtu akifunga mirija iliyo sawa, mngurumo hupotea, na injini haidhuriki hata kidogo. Basi sauti ni kitu kimoja na nguvu ni kitu kingine.

Motokaa ya mpwa wetu ni Toyota Corolla ya miaka ya 1980, yenye injini ya vali 16, iliyotoka Japani na usukani wake kuume. Kolekta mpya ilinunuliwa Kampala, ikapita Kasindi na Beni juu ya lori, ikafika imefungwa kwa magunia. Hapa tuwaonye wanunuzi: katika motokaa nyingi mhimili wa usukani hupita karibu na mirija hiyo. Katika Kongo twaendesha upande wa kuume wa barabara, lakini motokaa zetu ni za namna zote mbili. Uliza kwanza kolekta imetengenezwa kwa usukani wa upande gani, ama utakuwa umenunua pambo la ukutani.

Kazi yenyewe ni ya subira. Tulifungua waya wa betri, tukaacha injini ipoe kabisa, tukatia mafuta ya kulegeza kutu juu ya kila nati, tukaenda kulala. Kisangani iko karibu na mstari wa ikweta, na mvua yetu haijui kupumzika mwezi mzima. Chuma cha miaka arobaini katika unyevu huo hakifunguki kwa hasira. Asubuhi nati nne zilitii. Ya tano ilikataa. Tuliilegeza nusu mzunguko, tukairudisha, tukatia mafuta, tukangoja, tukailegeza tena. Ilituchukua muda wa kupika pondu ikaiva. Mtu akiivuta kwa nguvu moja, boliti hukatika ndani ya kichwa cha injini, na hapo ndipo gharama inapoanza.

Tukakwangua mabaki ya gasketi ya zamani, tukaweka rula ya chuma juu ya uso wa kolekta mpya kuona kama umenyooka, tukatia gasketi mpya. Nati tulizikaza tukianzia katikati na kuelekea mwisho, kidogo kidogo, mizunguko mitatu, ili chuma kisipinde.

Jioni mawingu yakaja kutoka upande wa msitu. Kolekta ilikuwa imefungwa, lakini bomba la nyuma na silensa vilikuwa bado chini. Mpwa wetu akasema, "Mjomba, tuisukume bandani, tufunge mlango mvua isiingie, tuiwashe kidogo tu tusikie."

Banda lile lina ukuta wa mbao. Upande wa pili wa mbao hizo ndipo wanapolala watoto wa dada yetu, watatu, na mdogo wao hajaanza kutembea.

Tulikataa. Kijana akakasirika, akasema mafundi wa barabarani hufanya hivyo kila siku. Tukamweleza kwamba katika moshi wa petroli mna hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu kupita oksijeni, zaidi ya mara 200, na damu iliyoshikwa nayo haiwezi tena kubeba oksijeni. Mtu huumwa kichwa, huona kichefuchefu, husinzia. Aliyekwisha lala haamki. Mbao zenye nyufa haziizuii. Dada yetu alikuwa jikoni, akasikia yote. Hakusema neno. Akaja, akachukua ufunguo wa motokaa, akaufunga katika ncha ya kitenge chake, akarudi kwenye sufuria yake.

Hatari hii siyo ya motokaa peke yake. Mtambo wa umeme wa maporomoko ya Tshopo ulijengwa miaka ya 1950, na umeme ukikatika nyumba nyingi huwasha jenereta, mara nyingine katika ujia, kwa kuogopa wezi. Moshi wake ni ule ule. Ukimkuta mtu amelegea karibu na injini inayowaka, mtoe nje kwenye hewa kwanza, ndipo umpeleke hospitali.

Kesho yake palikuwa na jua. Tulifunga bomba na silensa, tukasukuma motokaa katikati ya uwanja, na dada yetu akautoa ufunguo. Mirija ikatoa moshi mweupe kidogo: ni mafuta ya mikono yetu yaliyokuwa yakiungua. Kisha tukasikia tik-tik-tik kwenye mrija wa tatu. Hiyo ni sauti ya gasketi inayovuja. Tukazima, tukangoja ipoe, tukakaza tena, ikanyamaza. Baada ya siku mbili za kuendesha tulikaza mara nyingine, kwa kuwa joto hutanua chuma na kulegeza nati.

Mpwa wetu aliijaribu katika barabara ya kwenda uwanja wa ndege wa Bangboka. Aliporudi alisema inapanda mwendo vizuri zaidi, ila siyo kama alivyofikiri. Ile kolekta ya zamani tumeipaka mafuta na kuifunga gunia. Iko bandani, kwa ajili ya siku atakapotaka kuuza motokaa na mnunuzi kuiulizia.