Jumapili Ijayo Twaenda Theta, na Mara Hii Hatuendi Kucheka

Ndugu msomaji, kama Jumapili ijayo hujapanga kwenda kokote, fuatana nami hadi Theta. Usiulize hiyo ni nchi gani. Theta iko papo hapo, katika eneobunge la Juja, Kaunti ya Kiambu, ukishaiacha Ruiru na kabla hujafika Thika. Timu ya mtaa wetu, hapa upande wa mashariki wa jiji, inakwenda huko kurudiana na vijana wa Theta. Zawadi ni beberu mmoja ambaye wakati huu amefungwa nyuma ya duka la mzee fulani wa huko na, kwa habari tulizonazo, anazidi kunenepa.

Nianze na kisa chenyewe, maana safari isiyo na kisa ni matembezi tu. Mara ya kwanza tulipocheza na Theta ilikuwa mwaka 2014, na tuliwacharaza mabao sita kwa nunge. Mlinda lango wao siku hiyo alidaka akiwa amevaa gambuti, zile za kuingilia zizini. Mimi nilikuwa beki wa kushoto, na mpira ulinifikia mara chache hivi kwamba kipindi cha pili nilipata wasaa wa kuzungumza na mama mmoja aliyekuwa akiuza miwa kando ya uwanja. Tulirudi nyumbani tukiimba njia nzima.

Mwaka 2017 tulishinda tatu kwa moja. Mwaka 2019 tulishinda mbili kwa moja, kwa penalti ya dakika za mwisho ambayo, nikiapishwa mbele ya hakimu, nitasema mchezaji wetu aliangushwa nje ya kisanduku. Na mwezi uliopita walikuja hapa kwetu, mbele ya mama zetu na watoto wetu, wakatoka sare ya bao moja kwa moja. Si kwamba tulibahatika vibaya. Dakika ishirini za mwisho ni sisi tuliokuwa tukitazama saa ya refa.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Sisi tuliuona mwiba ukichipuka kwa miaka mingi na bado tukatembea pekupeku.

Sasa utaniuliza, je, vijana hawa wamekula nini? Nimelifikiria jambo hilo, na jibu langu halimo katika chakula wala dawa za mganga. Tazama hesabu ya watu. Katika sensa ya 2009 mji wa Ruiru ulikuwa na watu zaidi ya 230,000. Katika sensa ya 2019 ulikuwa na karibu 490,000. Miaka kumi, idadi ikaongezeka zaidi ya maradufu! Watu hao hawakuanguka kutoka mbinguni. Wengi walitoka Nairobi, wakikimbia kodi za nyumba, wakajinunulia kijisehemu cha ardhi mahali palipokuwa na mikahawa na malisho, wakasimamisha nyumba ya mawe chumba baada ya chumba. Walipohama walibeba vitanda na makochi, na walibeba pia wana wao, ambao walikuwa wamejifunzia kandanda katika vichochoro vyetu.

Hapo ndipo penye uchungu wangu. Winga wa kushoto wa Theta, yule aliyetufunga bao la kusawazisha, ni mtoto wa mtaa wetu. Alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mimi ndiye niliyemfundisha kupiga kona kwa mguu wa nje, tukitumia mpira wa makaratasi na kamba. Mama yake aliuza mboga hapa kwa miaka zaidi ya kumi na mitano, akaweka akiba shilingi kwa shilingi katika chama cha akina mama, na mwaka 2021 akahamia kwake mwenyewe, Theta. Tulimfanyia sherehe ya kumuaga. Tulishangilia. Hakuna aliyekumbuka kwamba tulikuwa tukimsindikiza na winga wetu.

Baada ya ile sare kijana alikuja kwenye kibanda cha chai kuwasalimu wazee, akiwa bado na jezi yao mwilini. Bibi mmoja aliyewahi kumlea mgongoni alimpa mkono, kisha akamuuliza, "Na wewe, utatumaliza mpaka lini?" Watu walicheka. Kijana hakucheka. Alinunua chai, akainywa akiwa amesimama, akaenda zake.

Basi, turudi safarini. Ukipanda matatu ya kuelekea Ruiru au Thika, keti upande wa dirisha, maana njia hii ina mengi ya kuonyesha watoto. Barabara Kuu ya Thika, ya kilomita 50 hivi, ilifunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012. Walioijua ya zamani watakuambia jinsi mtu alivyoweza kukwama Githurai mpaka watoto wake wakalala bila kumwona. Siku hizi foleni hazijaisha, lakini angalau zinasonga.

Upande wa kulia, kabla ya Githurai, utauona uwanja wa Kasarani, uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Hapo nitakuomba uvue kofia. Ni katika uwanja huo, Desemba ya mwaka huohuo, ambapo Gor Mahia walitoka sare ya bao moja kwa moja na Espérance ya Tunisia, wakatwaa Kombe la Washindi barani Afrika. Sare, na bado wakawa mabingwa! Siri ilikuwa kule Tunis, ambako mkondo wa kwanza ulikwisha mabao mawili kwa mawili. Mabao yale mawili ya ugenini ndiyo yaliyoleta kombe. Kijana asiyeelewa thamani ya bao la ugenini, mpeleke Kasarani umwoneshe.

Nasema hivyo kwa sababu wazee wa timu zote mbili wamekubaliana kuitumia kanuni hiyohiyo. Kule Ulaya, shirika la UEFA liliifuta mwaka 2021. Sisi hatujafuta chochote. Basi fanya hesabu pamoja nami: Theta wana bao moja walilolifunga kwetu. Tukitoka suluhu bila bao huko kwao, beberu ni wao. Tukitoka bao moja kwa moja, tutapigiana penalti. Tukitoka mawili kwa mawili au zaidi, au tukishinda kwa bao lolote, beberu anapanda matatu pamoja nasi. Kwa hivyo kukaa nyuma na kuziba lango, ambayo ndiyo mbinu pekee anayoipenda kocha wetu, hakutatusaidia. Ni lazima tufunge. Nimemwambia hivyo mara mbili, naye mara zote mbili amenijibu kwamba waandishi wa magazeti warudi kwenye magazeti yao.

Ukifika Ruiru, utasikia watu wakitaja "Ruiru 11". Mwanangu alidhani ni klabu ya kandanda. La hasha! Ni aina ya kahawa iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 na watafiti wa kituo cha kahawa kilicho hapo Ruiru. Mti wake ni mfupi, huzaa mapema, na hustahimili chulebuni na kutu ya majani, maradhi mawili yaliyokuwa yakiwafilisi wakulima. Mfupi, mwepesi kuzaa, na mgumu kuua: kama kuna maelezo bora zaidi ya safu ya mbele ya Theta, mimi sijayasikia.

Mashamba ya kahawa yenyewe yamepungua sana. Mahali palipokuwa na mibuni iliyopangwa kama askari wa gwaride sasa pana mabati, milango ya chuma, na mabango ya kuuza ploti. Wengine husikitika. Mimi husikitika kidogo, kisha nakumbuka yule mama wa mboga na nyumba yake.

Eneo hili lina historia pia. Mmarekani aliyeitwa William Northrup McMillan alikuwa na shamba kubwa huko Juja, na mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alikuwa mgeni wake alipokuja kuwinda wanyama. Tambarare hizo zilikuwa za simba na nyumbu. Siku hizi Juja imejaa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, chuo kilichoanza mwaka 1981, na mnyama mkali utakayekutana naye ni pikipiki ya bodaboda inayokuja upande usio wake.

Na Theta ni jina la mto kwanza. Mto huo hushuka kutoka upande wa misitu ya Aberdare, ukapita sehemu za Gatundu, na maji ya pande hizi huishia katika Mto Athi, ambao baada ya safari ndefu huingia Bahari ya Hindi karibu na Malindi ukiitwa Sabaki. Waambie watoto hivyo mkiuona. Usiwaache wauingie.

Kuhusu uwanja, nisikufiche. Ni uwanja wa shule, umeinamia upande mmoja, na milingoti ya lango moja ni ya mikaratusi iliyokatwa kwa panga. Udongo ni ule mweusi unaonata. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kumeza kifundo cha mguu. Mvua ikinyesha huganda kwenye viatu hadi mchezaji aondoke uwanjani akiwa mrefu zaidi kuliko alivyoingia. Wenyeji wanajua kuucheza. Kipindi cha kwanza, wakipewa nafasi ya kuchagua, hupanda mlima. Cha pili hushuka nao kama maji. Nahodha wetu, kama anasoma ukurasa huu, akishinda shilingi achague kuanza kwa kupanda, ili mteremko uwe wetu mwishoni.

Tena mabeki wao wawili wa kati ni wachimba mawe. Kando ya Mto Ndarugu kuna machimbo ya mawe ya kujengea, yale ya kijivu ambayo huenda ndiyo yaliyojenga nyumba unamoishi. Mtu anayeshinda kutwa akiyavunja kwa nyundo na kuyapakia kwenye lori hawezi kusukumwa na mshambuliaji wetu, ambaye kazi yake ni kinyozi. Njia ni kupitisha mpira chini, haraka, nyuma ya migongo yao. Mipira ya juu tuwaachie tai.

Usidhani nakutisha bure kwa kijitimu cha mashambani. Pande hizi za Thika zimekwisha kuthibitisha kwamba kandanda si mali ya Nairobi peke yake. Thika United ilicheza Ligi Kuu kwa miaka mingi hadi iliposhuka mwishoni mwa msimu wa 2018. Francis Kahata alipita katika timu hiyo kabla ya kwenda Gor Mahia na kisha, mwaka 2019, Simba ya Dar es Salaam. Na wakati Thika ilipodhaniwa imezimika, Bidco United ikapanda Ligi Kuu mwaka 2020. Vijana wa Theta wanajua majina hayo kuliko sisi. Nilipowauliza mwezi uliopita kama wanafanya mazoezi mara ngapi kwa wiki, walisema mara nne. Sisi hukutana Alhamisi, kama mvua haikunyesha, na kama mwenye ufunguo wa stoo ya mipira yupo.

Chakula si shida. Kando ya uwanja kuna akina mama wanaouza chai na nduma, viazi vitamu vya kuchemsha, na mahindi ya kuchoma. Mutura utaupata njiani jioni; ukiwa na tumbo dhaifu, tazama tu. Nunua kitu, hata kama tumefungwa. Mwaka ule wa mabao sita tulikula miwa yao na wengine wetu wakaondoka bila kulipa, na mama yule hajatusahau. Nitamtafuta. Nina deni lake la vijiti viwili.

Kuhusu kushangilia, shangilia kwa sauti, ila usimzomee yule winga. Najua baadhi ya vijana wetu wamepanga kumwimbia nyimbo za kumwita msaliti. Mama yake atakuwa pale kwenye mstari, kama alivyokuwa akisimama kwenye mstari wetu, na sijui atavaa leso ya rangi gani. Nimempigia simu. Alisema ataketi katikati, karibu na bendera ya kati, na kwamba amechemsha githeri ya kutosha timu mbili.

Matatu yetu itaondoka saa tano asubuhi kutoka kituo cha mafuta kilicho mkabala na soko. Mpira utaanza saa tisa alasiri. Nauli ni ya kwenda na kurudi, watoto walio chini ya miaka saba wapakatwe. Beba sweta, maana baada ya saa kumi na moja upepo wa huko huuma, na beba viatu vya pili. Kiti cha nyuma kabisa tumekiacha wazi, na kamba imo ndani yake.