Namba ya Risasi

Majira ya baridi ya 1986 nilikuwa mwanafunzi kutoka Dar es Salaam katika maabara moja ya fizikia nchini Uingereza. Nilipewa kupima risasi, ile metali laini ya kijivu. Ikipoa hadi kelvini 7.2, karibu nyuzi 266 chini ya sifuri, hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Elektroni zake hushikana mbili mbili, na kuzitenganisha kunahitaji nishati. Nishati hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta.

Nadharia ya Bardeen, Cooper na Schrieffer ya mwaka 1957 ilikuwa na jibu tayari: gawanya nishati hiyo, ikiandikwa kwa kelvini, kwa joto ambalo kwalo ukinzani hutoweka, utapata 3.53, iwe metali gani. Mimi nikapata 4.3. Nikarudia, 4.3 tena. Wiki tatu nilisaka kosa: kwenye nyaya, kwenye kipimajoto, kwenye utando mwembamba wa oksidi uliotenganisha alumini na risasi. Usiku mmoja nilikaribia kuacha vipimo vyote isipokuwa vile vilivyoisogelea 3.53. Hadi leo nashukuru kwamba kalamu ilinigomea.

Asubuhi profesa wangu alilisoma daftari kimya, kisha akaniagiza nipime bati kwa mtambo uleule. Bati ikatoa karibu 3.5. Basi mtambo ni mzima, akasema. Risasi ndivyo ilivyo. Akanieleza kwamba atomi za risasi ni nzito, hutikisika polepole na huzivuta elektroni kwa nguvu, ilhali hesabu ya 1957 ilichukulia mvuto dhaifu. Eliashberg aliipanua hesabu hiyo mwaka 1960, na 4.3 ikapata maelezo yake. Kumbe lililonitesa lilijulikana zamani. Alitaka nilifikie mwenyewe.

Machi 1987 zikatufikia habari za kauri ya itriamu, bariamu na shaba inayopoteza ukinzani kwenye kelvini 93. Tulisaga unga, tukaoka, tukapata kidonge cheusi. Tulipokimwagia nitrojeni ya kimiminika, sumaku ndogo ikaelea juu yake, na maabara nzima ikapiga makofi. Lakini tulipopima, kila kidonge kilitoa namba yake, na safari hii profesa hakuwa na jibu alilolificha.

Daftari la risasi ninalo bado. Kwa kauri zile za shaba, nadharia inayokubaliwa na wote haijapatikana.